Jambo Moja, Mstari Mmoja

Katika hospitali za Marekani, namba 15830 ina kazi moja tu. Inataja upasuaji wa kukata ngozi na mafuta yaliyolegea chini ya kitovu, yale yanayobaki yakining'inia mtu anapopungua kilo nyingi, mara nyingi baada ya kupunguzwa mfuko wa chakula. Tuseme alikuwa na kilo 160, sasa ana 85. Ngozi yake haikushuka naye. Imekunjika juu ya kinena, pengine inagusa mapaja. Jasho linatuama kwenye mkunjo, fangasi wanaota, ngozi inachubuka, na hata kutembea hadi sokoni kunakuwa shughuli.

Daktari hukata kwa saa kadhaa, huvua glavu, husimulia alichofanya kwenye kompyuta, kisha huenda zake. Simulizi hiyo huangukia mezani kwa mtu ambaye hakuwepo chumbani, hajawahi kushika kisu cha upasuaji, na ambaye mgonjwa hatamwona hata siku moja. Huyo ni karani wa misimbo. Anageuza simulizi kuwa namba, na namba zinakuwa dai la bima. Ndiye ninayetaka kumsifu, na namsifu nikiwa naitazama kazi yake kutoka Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, mashariki ya Kongo, mahali ambapo tatizo la ngozi iliyozidi tumboni si la kwanza, si la kumi, katika yale yanayowapeleka watu kituo cha afya. Lakini kazi anayoifanya karani yule inafanywa hapa pia, kwa kalamu ya Bic, na watu wachache wanaitambua.

Tumfuate kwanza huyo wa Marekani. Asiyeijua kazi hudhani anatafuta neno kwenye kitabu, ananakili namba, basi. Kumbe sehemu kubwa ya kazi yake ni kukataa namba. Ripoti ya daktari imejaa vitendo, na karibu kila kitendo kina namba yake mahali fulani kitabuni. Tuseme ripoti inasema mkato ulipita kutoka nyonga hadi nyonga, ngozi na mafuta ya chini ya kitovu vikaondolewa. Vizuri, hiyo ni 15830. Sentensi inayofuata inasema mafuta yaliyobaki palepale yalinyonywa kwa mrija. Kunyonya mafuta ya kiwiliwili kuna namba, 15877, na karani mchanga mkono unamwasha kuiandika. Aliyekomaa anarudi kwenye maelezo ya 15830 na kukuta kwamba kuondoa mafuta kumo ndani yake tayari. Anaiacha. Kisha jeraha limeshonwa tabaka kwa tabaka. Ushonaji wa namna hiyo nao una namba zake, kuanzia 12031, lakini kitabu kinakataza waziwazi kuziweka pembeni ya 15830 kwa jeraha lilelile. Na ni haki. Hakuna daktari anayepasua tumbo akaliacha wazi. Kushona ni mwisho wa kukata, si kazi ya pili.

Halafu ripoti inasema kitovu kilihamishwa na misuli ya mbele ya tumbo ikakazwa kwa uzi. Hapo pana namba ya nyongeza, 15847, ambayo bima nyingi huiona ni urembo na kumwachia mgonjwa ailipie mwenyewe. Karani hana ruhusa ya kuificha ili kumhurumia mgonjwa, wala kuipachika pale ambapo daktari hakuitaja. Na kama misuli ilikazwa na kitovu kikahamishwa bila kukatwa ile ngozi ya chini, basi si 15830 tena wala si 15847. Kitabu kinamwelekeza kwenye 17999, namba ya kazi isiyo na namba, na hapo itabidi aambatanishe maelezo marefu na kungoja mtu wa upande wa pili ayasome.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ngiri. Wakati wa kukata, daktari ameona ngiri ukutani mwa tumbo, akaishona. Hili ni jambo lingine kweli, lina ugonjwa wake na sababu yake, na linastahili mstari wake. Tangu 2023 namba za ngiri za ukuta wa mbele wa tumbo zinapangwa kwa mambo matatu: ni ya mara ya kwanza au imerudi, inarudishika ndani au imekwama, na uwazi wake wote kwa jumla una sentimita ngapi. Chini ya 3 ni namba moja, 3 hadi 10 ni nyingine, zaidi ya 10 ni nyingine. Daktari ameandika "ngiri ndogo". Udogo huo ni wa nani? Karani hawezi kukisia. Anamwandikia daktari swali, na swali lenyewe lina adabu zake: lisimpe jibu mdomoni. Anaruhusiwa kuuliza, "Uwazi wa ngiri ulikuwa na upana gani?" Haruhusiwi kuuliza, "Ulizidi sentimita 3, sivyo?" Tofauti ya maswali hayo mawili ni maneno machache tu, lakini la pili linanuka pesa. Ningependa kuona adabu hiyo ikifundishwa kwa waandishi wa habari pia.

Zimebaki sababu. Namba ya upasuaji peke yake hailipwi. Lazima isimame karibu na namba ya ugonjwa. Tangu Oktoba 2016 ipo L98.7, ngozi iliyozidi na kulegea. Ipo L30.4, upele wa mikunjoni. Ipo Z98.84, inayosema tu kwamba mtu huyu alishapunguzwa tumbo zamani. Upo na mtego wake: M79.3, ambayo ni uvimbe wa mafuta yaliyo chini ya ngozi, ugonjwa mwingine kabisa, lakini jina lake la kitaalamu linafanana mno na la ile ngozi inayoning'inia, na wengi wametumbukia humo. Kisha bima nyingi hudai ushahidi: picha ya mbele na ya ubavuni inayoonyesha ngozi imeshuka chini ya kinena, uzito uliotulia kwa miezi, upele uliotibiwa kwa miezi bila kupona. Hayo yote karani anayatafuta kwenye mafaili ya nyuma, ziara baada ya ziara. Kama mgonjwa alilalamika mara nne na mara zote nne daktari alinakili sentensi ya mwezi uliopita, "ngozi haina tatizo", basi kwenye karatasi upele haukuwahi kuwapo. Karani anajua kwamba ulikuwapo. Hawezi kuuandika.

Baada ya kisu kuna siku 90. Katika siku hizo, ziara za kukagua jeraha, kutoa nyuzi, kubadili bendeji, zote zimo ndani ya bei ya upasuaji. Siku ya 40 mgonjwa anakuja, jeraha linatoa maji, daktari anamwangalia kwa nusu saa, na karani haandiki dai lolote la malipo. Lakini jeraha likivuja damu ndani hadi arudishwe chumba cha upasuaji, kazi hiyo inahesabiwa, ikiwa na alama 78 inayosema: hii ni safari ya kurudi, sababu yake ni ile ya kwanza. Hatua ya kwanza inafunguliwa kwa kisu, hatua ya mwisho inafungwa kwa kalenda, na katikati ni ugonjwa mmoja wenye mstari mmoja.

Basi tuje Kanyaruchinya.

Mtaa huu uko kwenye barabara ya taifa namba 2, inayopanda kutoka Goma kwenda Kibumba na Rutshuru, chini ya mlima Nyiragongo, juu ya lava iliyoganda ambayo haichimbiki kwa jembe. Mwaka 2012 watu waliokimbia vita vya waasi wa M23 walijaa hapa. Mwishoni mwa Oktoba 2022 wakajaa tena, wengi kuliko mara ya kwanza, wakishuka kutoka Rutshuru na Kiwanja na magodoro kichwani, wakajenga vibanda vya miti na mabashe, yaani maturubai, juu ya mawe meusi. Kituo cha afya kilichokuwa cha mtaa mmoja kikajikuta na wagonjwa wa wilaya nzima. Médecins Sans Frontières na wengine walikuja kusaidia, matibabu yakawa bure kwa waliokimbia. Na mlangoni, kama siku zote, kulikuwa na meza, na juu ya meza rejista.

Mtu wa mbali huangalia picha za kituo kama hicho na kuona foleni, watoto, dripu. Mimi huangalia rejista. Ina safu za namba, tarehe, jina, umri, jinsia, anakotoka, malalamiko, ugonjwa, dawa. Rejista zilizochapwa zikiisha, muuguzi huchukua daftari nene na rula, anazichora mwenyewe, na safu nyembamba kuliko zote ndiyo yenye akili kuliko zote. Humo huandikwa NC au AC: kesi mpya au kesi ya zamani. Herufi mbili, na ndani yake mna ule ustadi wote wa karani wa 15830.

"Fishi yako iko wapi, mama?"

"Ilinyeshewa na mvua, muganga."

"Ulikuja hapa siku gani?"

"Siku ile ya kugawa unga."

Bila fishi, ile kadi ya mgonjwa, muuguzi anarudisha kurasa nyuma. Anakumbuka siku ya unga. Anashuka na kidole kwenye majina, wapo watatu wenye jina hilohilo, mmoja wa Kibumba, mmoja wa Rugari, mmoja hakuandikiwa kijiji. Huyu ana mtoto wa miaka miwili. Wa Rugari ana mtoto wa miaka miwili. Homa ya siku tatu zilizopita, malaria, dawa zilitolewa. Mtoto leo bado ana joto. Ni AC. Ugonjwa ni uleule, unaendelea, na anayeuandika mara ya pili kuwa mpya atakuwa ameizalia Kanyaruchinya mtoto mgonjwa ambaye hayupo. Angekuja baada ya miezi miwili, homa nyingine, ingekuwa NC bila mjadala. Kati ya siku tatu na miezi miwili ndipo penye kazi: muuguzi anauliza kama mtoto alipona katikati, alicheza, alikula, dawa zilimalizwa au ziligawanywa na mdogo wake. Anasikiliza, kisha anaandika herufi mbili. Nyuma yake kuna watu 60.

Haya si mambo ya karatasi tu. Katika vituo vingi vya mashariki ya Kongo, wakati ambapo hakuna dharura ya kufanya tiba iwe bure, mgonjwa hulipa kwa jumla kwa kipindi kizima cha ugonjwa, na hilo linamaanisha kwamba akirudi na homa ileile halipi tena. AC ni pesa inayobaki kwenye kitenge cha mama. Ni ndugu wa zile siku 90 za Marekani, tena ndugu wa damu: wote wawili wamekubaliana kwamba anayelipiwa ni ugonjwa mzima na si kila mara mtu anapobisha hodi. Na tiba inapokuwa bure, hesabu haipumziki. Mwisho wa mwezi mistari ya NC inajumlishwa, ripoti inakwenda ofisi ya zoni ya afya ya Nyiragongo, inaingizwa kwenye kompyuta katika programu ya DHIS2, na kwa namba hizo watu wasiowahi kukanyaga lava wanaamua katoni ngapi za dawa zipande barabara ya Rutshuru.

Desemba 2022 kipindupindu kilitangazwa katika zoni hiyo ya Nyiragongo. Ukifungua kitabu cha kimataifa cha magonjwa, toleo la 10, ugonjwa wa kwanza kabisa ni huo. A00. Katika toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, kipindupindu kiko palepale mlangoni, 1A00. Ngozi iliyozidi ya tumbo unaikuta mbali huko katikati. Kitabu ni kimoja. Mzizi wake ni orodha ya sababu za vifo aliyoitunga Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu za jiji la Paris, ikakubaliwa mkutanoni Chicago 1893. (Mdogo wake Alphonse alikuwa polisi, naye akapata umaarufu kwa kuwapima wahalifu masikio na mikono. Familia ilipenda kuainisha.) Shirika la Afya Duniani liliichukua orodha hiyo 1948 na kuipanua kutoka vifo hadi magonjwa. Marekani wakaongeza matawi yao wenyewe ya kulipisha bima, na zile namba za upasuaji, 15830 na wenzake, zina kitabu cha pembeni kinachotolewa na chama cha madaktari cha huko tangu 1966.

Bertillon na waliomfuata walishindana na swali lilelile la muuguzi wetu. Mtu amekufa, na alikuwa na mambo matatu: kuhara, upungufu wa maji, moyo kusimama. Ukiandika yote, mtu mmoja amekufa mara tatu. Kanuni waliyofikia inataka sababu ya msingi, ile iliyoanzisha mnyororo, na kwenye jedwali la vifo inahesabiwa hiyo peke yake. Moyo kusimama hauhesabiwi. Kila aliyekufa moyo wake umesimama.

Goma ina sababu ya kuiheshimu kanuni hiyo ya kutomhesabu mtu mmoja mara mbili. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika mpakani, kipindupindu kiliingia kambini. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi wao kwa magonjwa ya kuhara. Tunaijua hesabu hiyo kwa sababu moja ya kikatili: lava haikuruhusu watu kuchimba makaburi yao wenyewe, maiti zikalazwa kando ya barabara, malori yakapita kuziokota, na waliozipakia wakahesabu. Ilikuwa hesabu isiyoweza kurudia mtu, kwani aliyepakiwa jana hawezi kuwapo barabarani leo. Wataalamu waliochapisha takwimu hizo mwaka uliofuata waliegemea hesabu ya malori. Sijui kama kuna sifa inayowafaa watu wa malori yale, ila najua walikuwa mafundi.

Wapo watakaosema namba za bima za Marekani ni mashine ya kuwakamua wagonjwa, na kwamba kuziweka meza moja na rejista ya kambi ni kejeli. Bei za huko ni kweli zinatisha. Wakongo wengi wamezionja: mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Kongo, wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na kati yao wapo watu wa Rutshuru na Masisi ambao leo wanapokea bahasha za hospitali zenye safu za tarakimu. Lakini bei haipangwi na karani. Anachopanga yeye ni kama bahasha ile itakuwa na mstari mmoja au mitano, na namba ya kushona ikiongezwa pembeni ya 15830, kuna mtu atakayedaiwa. Sheria ya huko inayoadhibu madai ya uongo kwa serikali ni ya 1863, ya wakati wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe, ilipotungwa kuwabana wafanyabiashara waliokuwa wakiliibia jeshi. Hospitali inayoidai bima ya serikali kwa kazi isiyofanyika hushitakiwa kwa sheria hiyohiyo. Karani mzuri haihitaji, ameshazoea kufuta.

Kinachonivutia zaidi kwa hawa wote wawili ni kwamba kazi yao ikiwa safi haionekani. Daktari akikata vizuri, mgonjwa anasimama mbele ya kioo. Karani akiwa amekataa 12031 na 15877, hakuna kitu cha kuona. Kuna nafasi tupu ambapo namba ingeweza kuwapo. Muuguzi akiandika AC, jedwali la mwezi linapungua kwa moja, na hakuna afisa atakayepiga simu kuuliza aliyepungua ni nani. Aliyeandika NC kila mahali ndiye anayeonekana mchapakazi. Takwimu zake zinapanda.

Mtihani wa makarani wa misimbo wa Marekani, ule unaotolewa na chama chao kiitwacho AAPC, una maswali 100 kwa saa 4, na vitabu vya misimbo vinaruhusiwa mezani. Wanaoufanya husema kuwa na vitabu hakusaidii kitu, kwa sababu hakuna ukurasa unaosema simulizi hii ni tukio moja au mawili. Ningependa kumwona muuguzi wa Kanyaruchinya akiukalia, ukitafsiriwa. Sehemu ya ngiri ingemtoa jasho, zile sentimita na zile alama za mwisho wa namba. Lakini swali la mgonjwa aliyerudi siku ya 40 na jeraha linalotoa maji, aandikiwe mstari mpya au asiandikiwe, angelimaliza kabla wengine hawajafungua kitabu, kisha angeinua mkono kuuliza kama huyo mgonjwa amekuja na fishi yake.